Ufa Umerudi Kando ya Kiraka: Niimarishe Vipi Fremu ya Kigari Changu?

Swali: Nina kigari cha kazi cha nje ya barabara, viti viwili na sanduku la mizigo nyuma, fremu ya mabomba ya chuma. Fremu ilipasuka mbele kushoto, pale mkono wa chini wa saspensheni unaposhikwa. Nikachomelea bamba la milimita 5 kuzunguka bomba lote. Haikuchukua muda ufa mpya ukatokea, safari hii kama sentimita moja kando ya kiraka. Sasa nataka kuimarisha fremu nzima nyumbani: bamba nene mbele kote, chuma bapa chini kutoka mbele hadi nyuma, na vyuma vya ziada kwenye keji ya juu. Nina mashine ya kuchomelea ya vijiti, grainda na drili. Nianzie wapi?

Jibu: Anza kwa kuliweka kando hilo bamba nene. Kazi yenyewe inafanyika nyumbani na vifaa ulivyonavyo vinatosha, ila kwa mpango huo utapata ufa wa tatu, na huo utatokea mahali pabaya zaidi.

Ufa wako wa pili umeshajibu nusu ya swali. Mabomba ya vigari vya aina hii mara nyingi huwa na ukuta wa milimita 2 hivi. Ulipolivika bomba hilo bamba la milimita 5, ulitengeneza kipande kisichopinda hata kidogo katikati ya bomba ambalo hupinda kidogo kila gurudumu linapoingia shimoni. Kupinda hakukuisha. Kulisogea tu hadi mwisho wa kiraka, kukakuta mchomeleo umelizunguka bomba kama pete, na bomba likakatikia hapo. Nguo kuukuu ikitiwa kiraka cha turubai haichaniki kwenye turubai, inachanika pembeni yake.

Chuma cha namna hii hakipasuki kwa kuzidiwa nguvu siku moja, kinachoka. Mzigo ambao peke yake haungeweza kulikunja bomba, ukirudiwa mara laki kadhaa, huanzisha mpasuko mdogo usioonekana kwa macho, na kila tuta na kila shimo huusukuma mbele kidogo. Mpasuko huo hautokei popote tu. Huanzia mahali ambapo mkazo unajikusanya: kwenye tundu, kwenye kona kali, kwenye shimo la kutu, na zaidi ya kote kwenye ukingo wa mchomeleo, pale chuma kilichoyeyuka kinapokutana na bomba. Wengi hudhani dawa ni kununua chuma cha daraja la juu. Kwa kupinda kwa siku moja ni kweli, lakini kwa mzigo wa kurudiarudia, kiungo kilichochomelewa huishi karibu sawa kiwe cha chuma laini au cha chuma kikali, kwa sababu kinachoamua ni umbo la kiungo. Fremu huimarika pale mzigo unapopata njia pana na ya taratibu ya kupita, na unene una mchango mdogo kuliko watu wanavyofikiri.

Kabla ya kugusa mashine, jiulize kwa nini ni kushoto na si kulia. Inua mbele, weka stendi imara (jeki peke yake haitoshi), halafu shika gurudumu juu na chini ulitikise. Bushi (vipete vya mpira au plastiki kati ya mkono na bolti yake) zikiisha, huufanya mkono wa saspensheni upige masikio, yaani vibamba vya fremu vinavyoushika, badala ya kuzunguka ndani yake, na kila pigo huingia moja kwa moja kwenye bomba. Shokapu iliyovuja hufika mwisho wa mwendo wake na kugonga. Tazama kama tundu la bolti kwenye sikio limekuwa la umbo la yai. Likiwa hivyo, bolti ililegea zamani na sikio libadilishwe, kulijaza tundu kwa mchomeleo na kutoboa upya ni kujidanganya. Angalia pia kilichoongezwa na mwenye gari. Matairi makubwa na mazito, spesa za rimu zinazolisogeza gurudumu nje, saspensheni iliyoinuliwa, winchi iliyofungwa kwenye bomba jembamba la mbele: vyote hivyo huongeza wenzo au pigo, na fremu haikuhesabiwa kwa ajili yake. Na usisahau mzigo. Kikomo cha jumla kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mtengenezaji kinamhesabu dereva, abiria na vifaa ulivyofunga, na sanduku la nyuma lina kikomo chake lenyewe, ambacho ni kidogo kuliko hicho. Ukichomelea bila kuondoa chanzo, kazi nzuri itachelewesha ufa, haitauzuia.

Sasa safisha. Osha matope yote, kisha ondoa rangi kwa brashi ya waya au dawa ya kubandua rangi. Usikimbilie diski ya kusagia, maana hupaka chuma juu ya ufa na kuuficha. Kwenye chuma kilichowekwa wazi, rangi nyekundu ya kupenya ndiyo inayoonyesha ukweli: unapuliza, unaiacha inyonywe kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, unafuta kwa kitambaa, halafu unapuliza unga mweupe juu yake. Kama kuna ufa, mstari mwembamba mwekundu utajichora wenyewe juu ya weupe ule, na mara nyingi utaona unaendelea kuliko ulivyodhani, wakati mwingine hadi chini ya mchomeleo wa kiwandani. Kagua hivyo hivyo sikio la upande wa kulia, sehemu inayoshika shokapu juu, na kona za chini za sanduku. Gongagonga mabomba kwa nyundo ndogo hasa sehemu za chini ambako maji hutuama. Palipoliwa na kutu kwa ndani hutoa sauti butu, na bisibisi ikisukumwa kwa nguvu huacha alama. Bomba la namna hiyo halichomelewi, linakatwa. Jaribu na sumaku pia. Isiponasa, hiyo huenda ni alumini, na mashine yako ya vijiti si ya kazi hiyo.

Jambo moja zaidi kabla ya kukata: pima. Weka kigari kwenye stendi nne juu ya sakafu iliyo sawa, fremu isiwe imejinyonga, kisha pima mshazari kutoka bolti ya mkono wa mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, na kinyume chake. Andika. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana kwa milimita nyingi, fremu imeshapinda, na kuimarisha fremu iliyopinda ni kuifunga ibaki imepinda.

Tuje kwenye ufa wenyewe. Ondoa kiraka cha zamani chote kwa grainda, taratibu, bila kulila bomba. Kama ufa ni mfupi, toboa tundu la milimita 3 au 4 mbele kidogo ya kila ncha yake, ili ncha kali iwe duara na ufa usikimbie unapopata joto. Chimba mfereji mwembamba juu ya ufa, uchomelee upenye hadi ndani, kisha ulainishe juu ukifuata urefu wa bomba, usiache mikwaruzo inayokatiza.

Ila kwa maelezo yako, yaani nyufa mbili zinazokaribiana na joto la kiraka cha kwanza juu yake, mimi ningekata kipande hicho na kuunga bomba jipya. Kata kwa mshazari wa nyuzi 30 hadi 45 kutoka kwenye mstari wa urefu wa bomba. Mafundi wa ndege ndogo zenye fremu ya mabomba huunga kwa mshazari wa nyuzi 30 kwa sababu hii hii: mchomeleo unajitandaza kwenye urefu badala ya kulizunguka bomba mahali pamoja. Ndani weka kipande cha bomba kinachoingia kwa kubana, kipite kiungo pande zote mbili kwa urefu usiopungua mara moja na nusu ya kipenyo. Kabla ya kukiingiza, toboa matundu mawili au matatu kwenye bomba la nje kila upande, baadaye uyajaze kwa mchomeleo yashike bomba la ndani. Matundu hayo yasipangwe kwenye mzingo mmoja.

Baada ya hapo ndipo kuimarisha. Hapa naomba uvumilie hesabu kidogo, maana ndiyo inayookoa kilo na pesa. Chukua bomba la kipenyo cha milimita 38 lenye ukuta wa milimita 2. Ukilibadilisha kwa lenye kipenyo kile kile lakini ukuta wa milimita 3, uzito unapanda kwa asilimia 46 hivi na ugumu wa kupinda unapanda kwa asilimia 38 tu. Ukichukua la milimita 45 lenye ukuta ule ule wa milimita 2, uzito unapanda kwa asilimia 19 na ugumu kwa asilimia 70. Chuma kilicho mbali na kitovu cha bomba ndicho kinachofanya kazi. Na hata hilo la milimita 45 halifui dafu mbele ya bomba la mshazari: umbo la pembe nne lililotengenezwa kwa mabomba manne hulegea kwenye kona zote nne, lakini ukipitisha bomba moja jembamba kutoka kona hadi kona, mzigo uliokuwa ukizikunja kona unageuka kuwa wa kusukuma na kuvuta tu, kazi ambayo bomba huiweza vizuri sana.

Kwa hiyo katika kigari chako kipande cha kwanza cha kuongeza ni bomba linalounganisha sehemu ya masikio ya kushoto na ya kulia moja kwa moja, na la pili ni mshazari kutoka hapo kwenda kwenye kiungo kikubwa cha karibu cha fremu, mahali ambapo mabomba mawili au matatu tayari yanakutana. Usilipachike mshazari katikati ya bomba tupu. Utakuwa umehamisha tatizo lako kwa jirani. Hakikisha pia bolti ya mkono imeshikwa pande zote mbili. Sikio moja likibeba bolti peke yake, bolti hukaa kama wenzo na kulinyonga bomba, kwa hiyo kuongeza sikio la pili mara nyingi husaidia kuliko bamba lolote utakaloweka.

Bamba lina nafasi yake, kama tandiko chini ya masikio. Kunja bamba la milimita 2.5 au 3 likumbatie nusu ya bomba, lienee kiasi mbele na nyuma ya masikio, na ncha zake uzikate kama mdomo wa samaki au kama almasi, zisiishe kwa mstari ulionyooka. Chomelea kingo zinazofuata urefu wa bomba. Mkatisho wa moja kwa moja kuzunguka bomba usiwepo kabisa. Ncha hiyo iliyochongoka ndiyo inayolifanya bomba liingie kwenye ugumu taratibu. Kwa kona, usisimamishe bamba moja la pembetatu katikati ya mgongo wa bomba jembamba, maana ncha yake itachoma ukuta kama patasi. Weka mawili, moja kila ubavu wa mabomba, au moja lililokunjwa likae ubavuni pande zote mbili. Ule ukingo mrefu wa pembetatu uchonge uwe na upindo wa ndani, ncha zilale karibu sambamba na bomba. Mchomeleo usianze wala kuishia kwenye ncha: anza pembeni, izunguke bila kukatisha, umalizie mbali nayo.

Chuma bapa cha chini mbele hadi nyuma kiache. Vipande viwili vya upana wa milimita 50, unene 6 na urefu wa mita 2 vina uzito unaozidi kilo 9, vinatega tope na maji kati yake na bomba la mviringo, na vinakulazimu kuweka mchomeleo mrefu upande wa chini wa fremu, ambao ndio unaovutwa sanduku likibeba mzigo. Ukitaka kinga ya mawe chini, funga bamba la kinga kwa vibanio na bolti, lisiwe sehemu ya fremu.

Kuhusu kuchomelea, kwa ukuta wa milimita 2 kijiti cha E6013 cha milimita 2.5 kwenye ampea 60 hadi 80 kinatosha, au cha milimita 2 ukiona unatoboa. Kijiti cha E7018 hutoa mchomeleo unaostahimili nyufa zaidi, lakini kikinyonya unyevunyevu faida hiyo inapotea, na vijiti vilivyokaa wazi kwenye rafu ya gereji kwa miezi si E7018 tena ila kwa jina. Kama huna namna ya kuvitunza vikavu, E6013 iliyochomelewa vizuri ni bora. Fanya mazoezi kwanza kwenye kipande cha bomba lile lile na bamba lile lile, kisha kibane kwenye vaisi, kipige hadi kivunjike, ukatazame ndani. Kama mchomeleo umebanduka kama gundi ukaacha bomba safi, haukuwa umepenya. Moto uelekeze kwenye bamba nene, uache dimbwi la chuma literemke kwenye bomba. Kitu cha kuogopa kuliko vyote ni mfereji mdogo unaochimbika kando ya mchomeleo moto ukiwa mkali mno: ukiuona, ujaze na uulainishe, kwa sababu ndipo ufa ujao utakapozaliwa.

Toa bushi zote karibu, maana zitaungua, na badala yake pitisha nondo iliyonyooka ndani ya masikio yote yanayoshiriki bolti moja, ili yabaki kwenye mstari. Shikiza vipande vyote kwa nukta kwanza, rudia vipimo vya mshazari, ndipo uchomelee kwa vipande vya sentimita 2 au 3 ukihama kushoto na kulia. Acha kipoe chenyewe. Maji juu ya mchomeleo wa moto ni haraka isiyo na baraka.

Yafuatayo sitayalegezea, maana yanaua watu na magari. Ondoa tangi la mafuta na mipira yake, kulifunika kwa kitambaa kibichi hakutoshi. Fungua nyaya za betri na chomoa kompyuta ya injini. Kibanio cha ethi kikae kwenye chuma kilichong'arishwa, karibu kabisa na unapochomelea, umeme usipite kwenye beringi. Usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini: mabaki yake yakikutana na moto wa kuchomelea hutengeneza gesi ya fosijini, na kiasi kidogo tu chaweza kukulaza hospitali au kukuua. Bomba lililopakwa zinki lisagwe hadi zinki iishe, vinginevyo moshi wake utakuletea homa na kutetemeka usiku huo. Bomba lililozibwa pande zote litobolewe kitundu kabla ya kupata joto, kwani hewa na maji vilivyomo ndani hutafuta njia kwa mlipuko. Baada ya kazi, kaa na ndoo ya maji walau nusu saa, kwani nyasi kavu na mafuta yaliyonaswa kwenye mabomba huwaka polepole.

Keji ya juu usiiguse. Haipo kwa ajili ya ugumu wa fremu, ipo ikulinde gari likibiringika, na ilijaribiwa ikiwa nzima kama ilivyotoka kiwandani. Ukichomelea au kutoboa, hakuna anayeweza kukuambia tena itapindia wapi. Bomba lililoongezwa karibu na kichwa lenyewe ni hatari. Keji iliyopinda au kupasuka hubadilishwa pamoja na bolti zake, bolti mpya ziwe na alama ile ile ya daraja la nguvu kichwani, 8.8 kwa 8.8 na 10.9 kwa 10.9.

Ukimaliza, paka praima na rangi ya rangi nyepesi, kijivu au nyeupe, sehemu ulizochomelea. Watu hupenda nyeusi kwa sababu inaficha kasoro, na hiyo ndiyo sababu ya kuikataa: kwenye rangi nyepesi ufa huonekana mapema kama mstari wa kahawia wa kutu. Ndani ya mabomba puliza nta ya kuzuia kutu kupitia vitundu ulivyotoboa, viache wazi upande wa chini maji yatoke. Kaza bolti zote kwa kipimo cha mtengenezaji, endesha kigari kikiwa bila mzigo kwanza, kisha na nusu ya mzigo, na kila mara lala chini na tochi ukague ncha za bamba na viungo vya mshazari mpya. Kaza bolti tena baada ya safari hizo za mwanzo.

Ufa ukitokea tena sehemu ile ile licha ya bushi mpya na mzigo ulio ndani ya kikomo, au ukikuta kutu ya ndani kwenye bomba kuu zaidi ya sehemu moja, usinunue vijiti vingine. Tafuta fremu nyingine ya modeli hiyo, uhamishie injini na saspensheni. Bomba la kuunganisha masikio na sikio la pili la bolti vinaweza kuwekwa kwenye fremu hiyo ikiwa bado tupu, kabla haijapata uchovu wowote.